Waridi la jangwani likiumwa: bonyeza shina kabla hujachukua maji

Waridi la jangwani likianza kudondosha majani watu wengi wanakimbilia maji, na mara nyingi hayo maji ndo yanayolimaliza. Huu mmea, Adenium obesum kwa jina la kitaalamu, ni wa kwetu kabisa, unaota wenyewe kwenye nyika na miamba ya Tsavo, Baringo, Samburu, Turkana, na kule bonde la Ziwa Eyasi Tanzania, afu unaendelea mpaka Somalia, Ethiopia, ukanda wa Saheli na Uarabuni. Huko porini unakaa miezi bila mvua, unaangusha majani yote unabaki na lile shina la chini lililovimba, mimi naliita tumbo, ambalo ndo ghala lake la maji, na mara nyingi unachanua ukiwa hauna hata jani moja.

Kwa hiyo ukitaka kujua mmea wako unaumwa nini, ukiangalia majani peke yake utapotea. Jani la njano linakuja kwa kiu, linakuja kwa maji mengi, kwa baridi, kwa utitiri, na saa ingine ni uzee tu wa jani. Kinachosema ukweli ni tumbo na udongo, hivo viwili, na ukishazoea kuvisoma hivo viwili karibu kila tatizo lingine linajieleza lenyewe.

Jambo moja kabla hujagusa kisu: utomvu wake ni sumu, tena ya moyo, Wahadzabe, wale wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi, wanautumia kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Ukikata vaa glavu, usijiguse macho, osha mikono na kisu kwa sabuni, na mabaki usiyatupe mahali mbuzi au mtoto atayafikia.

Namna ya kubonyeza

Weka kidole gumba upande mmoja wa tumbo na vidole vingine upande wa pili, bana taratibu, afu zunguka mmea mzima kuanzia pale shina linapoingia kwenye udongo, unapanda mpaka kwenye matawi. Baada ya hapo chomeka kijiti kikavu kwenye udongo mpaka chini kabisa ya chungu, kiache dakika tano hivi afu kitoe. Kikitoka na unyevu na udongo umeng'ang'ania basi chini kuna maji hata kama juu pamekauka kau, na wengi wanadanganyika hapo hapo kwa sababu wanagusa udongo wa juu tu.

Tumbo likiwa gumu, tulia, mmea uko salama na una mda wa kutafuta sababu bila haraka. Tumbo likiwa limelegea sawasawa pande zote, ngozi ina mikunjo na kijiti kimetoka kikavu, hiyo ni kiu. Tumbo limelegea lakini kijiti kimetoka kimeloa, hapo pana shida, mizizi imeoza haiwezi tena kunywa, yaani mmea unakufa kwa kiu ukiwa umekaa ndani ya maji, na kila kikombe unachoongeza kinaongeza uozo. Na kama kuna sehemu moja inabonyea kidole kinazama, ngozi inateleza, kuna majimaji au harufu, basi uozo umeshaingia kwenye shina na unatakiwa ushughulike leo leo, sio wikendi.

Majani yanakuwa njano na kudondoka, tumbo gumu

Angalia kalenda kwanza. Kama ni Juni mpaka Agosti na uko Nairobi, Limuru, Arusha, Iringa, Mbeya, sehemu yoyote ambayo usiku kuna baridi, mmea unalala tu. Joto likishuka karibu na nyuzi 10 unaanza kuangusha majani na hakuna dawa ya hilo kwa sababu sio ugonjwa. Unachotakiwa kufanya ni kupunguza maji sana, kikombe kidogo kila baada ya wiki mbili tatu au usimwagie kabisa kama tumbo ni kubwa na gumu, uweke mahali pasipopigwa na mvua na unapoweza kupata jua, basi. Mmea usio na majani haunywi, maji yanabaki kwenye udongo yanasubiri mizizi ioze. Watu wa pwani, Mombasa, Tanga, Dar, baridi sio shida yao kubwa, shida yao ni masika, mvua ya wiki nzima juu ya chungu ambacho hakina hata tundu la maana chini.

Kama ni majani mawili matatu ya chini tu na juu kunachipua vizuri, huo ni uzee wa jani, achana nayo. Kama umetoka kuununua au umeuhamisha sehemu, utaangusha majani ya zamani na kutoa mapya yanayolingana na mwanga wa hapo, upe wiki chache. Majani yakiwa ya njano lakini mishipa imebaki kijani, hasa yale machanga ya juu, mara nyingi ni upungufu wa chuma, unakuja sana kwenye udongo wenye chokaa au maji ya kisima yenye chumvi, mbolea ya kupulizia majani yenye madini madogo madogo inasaidia.

Tumbo limelainika na udongo umeloa

Huu ndo ugonjwa unaoua mawaridi mengi kuliko mengine yote ukiyajumlisha, na unaweza kuuokoa mmea ukiwahi. Ung'oe kwenye chungu, kung'uta udongo wote, osha mizizi kwa maji yanayotiririka mpaka uione vizuri. Mzizi mzima ni mgumu na ukiukata ndani ni mweupe. Uliooza ni wa kahawia, ukiuvuta kidogo ganda la nje linachomoka na unabaki na uzi mwembamba mkononi. Hiyo yote kata, usiionee huruma.

Ukifika kwenye tumbo chukua kisu chenye makali, kifute kwa spiriti, anza kukata kutoka palipooza kuelekea pazima, na kila ukikata simama uangalie uso wa mkato. Mwanzo utaona kahawia tupu na majimaji. Ukipanda kidogo unaanza kuona nyama nyeupe lakini ina pete ya kahawia au vinukta vinukta, na watu wengi wanaishia hapo wakidhani wamemaliza, usiishie hapo, hiyo pete ndo njia uozo unayopandia, na ukiiacha baada ya wiki mbili utakuta shina lote limelainika tena. Endelea kwa vipande vyembamba mpaka uso wote uwe mweupe safi bila hata nukta moja, na kila baada ya mkato futa kisu tena kwa spiriti mana kisu kilichogusa pabovu kinapeleka ugonjwa pazima. Ukishapata uso safi osha utomvu kwa maji, uache ukauke kidogo, afu paka dawa ya ukungu, ya unga wa kopa au mankozebu inafaa.

Sasa inakuja sehemu ngumu kuliko zote ambayo ni kusubiri. Uning'inize au uulaze kivulini penye hewa, kidonda kikiangalia hewa, wiki moja mpaka mbili, mpaka uso wa mkato ukauke uwe mgumu ukiugusa. Mmea hautakufa, una akiba yake tumboni, na ukisinyaa kidogo usishtuke. Ndipo unaupanda kwenye mchanganyiko mkavu, unasubiri wiki ingine, afu unaanza maji kidogo kidogo. Majani mapya yakianza kutoka kwenye ncha na tumbo likarudi kuwa gumu, hapo mizizi imeshaanza kufanya kazi. Kama umekata mpaka juu kabisa na kahawia bado inaonekana, okoa matawi yaliyo mazima, kausha mkato siku kadhaa upande kila moja peke yake, mmea mama hauponi tena.

Ukishamaliza tafuta kilichosababisha, mana ukirudisha mmea kwenye udongo ule ule utarudia upasuaji. Mara nyingi ni udongo mweusi wa bustani au mfinyanzi, ama kile kisahani cha chini kinachokaa na maji. Mchanganyiko mzuri ni mchanga wa mto wenye chembe kubwa uliooshwa sehemu mbili, kokoto ndogo au mawe mepesi ya volkano sehemu moja, mboji au samadi iliyooza vizuri sehemu moja, ukipata mkaa uliopondwa au pumba za mpunga zilizochomwa ongeza kidogo. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi na ni laini sana unashikamana. Ukimwaga maji juu yanatakiwa yatoke chini ndani ya sekunde chache, yakisimama juu ukayaangalia yanazama taratibu basi huo udongo haufai hata kama umeambiwa ni mchanganyiko maalum.

Tumbo limelegea na udongo ni mkavu

Mwagilia mpaka maji yatoke chini, rudia baada ya siku mbili tatu, ndani ya wiki hivi litajaa. Nataka niseme wazi hapa kwamba huu mmea ukiwa na majani na kuna joto unakunywa sana, kwenye chungu kidogo Januari na Februari unaweza kuhitaji maji kila baada ya siku mbili. Habari ya kwamba mmea wa jangwani hautaki maji imewakaushia wengi miche, hautaki maji yaliyosimama, hiyo ndo kweli yenyewe. Kama umemwagilia vizuri mara mbili na bado limelegea, rudi kwenye ile sehemu ya tumbo lililolainika ukaangalie mizizi.

Una afya nzuri ila hauchanui

Jua. Swali la kwanza ni jua na la pili ni jua pia. Saa sita za jua la moja kwa moja ndo kiwango cha chini, barazani chini ya bati au dirishani utapata majani mazuri ya kijani yanayong'aa na maua hutaona. Na ukiutoa kivulini usiupeleke juani siku hiyo hiyo, uzoeshe kwa wiki mbili, anza na jua la asubuhi, vinginevyo utaona mabaka meupe au ya kahawia upande mmoja wa shina, hilo ni shina limeungua, na kovu lake halifutiki, saa ingine uozo unaingilia hapo.

Kama jua lipo angalia mbolea. CAN na urea ni mbolea za naitrojeni, zinasukuma majani makubwa malaini na matawi marefu, maua hamna, na tumbo linakuwa laini linaoza kirahisi. Tumia mbolea yenye potasiamu ya kutosha, kiasi kidogo, kipindi mmea unakua tu, sio wakati umelala. Hata NPK 17:17:17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa, inafaa ukiweka punje chache mbali na shina na ukamwagilia. Ukizidisha ncha za majani zinaungua zinakuwa kahawia, hapo suuza udongo kwa maji mengi mara moja uache ukauke.

Cha tatu ni kupogoa na hiki wengi wanakiogopa. Maua yanatoka kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo mmea wenye matawi mawili marefu una sehemu mbili tu za kuchanulia, ukiyakata kila tawi linaweza kutoa machipukizi mawili matatu na hesabu ya maua inapanda. Kata mwishoni mwa baridi, Agosti kuelekea Septemba joto linaporudi, siku kavu, mvua isiguse mikato mpaka ikauke. Na kama mmea ni wa mbegu na hata mwaka haujafika, hauumwi, ni mdogo, upe mda.

Matumba yanatoka afu yanadondoka kabla ya kufunguka

Hapa mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla, umeuacha ukauke kabisa katikati ya matumba au umeuhamisha au mvua kubwa imepiga siku tatu mfululizo. Ila kama hali haijabadilika, chukua tumba moja ulipasue kwa kucha juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidudu vyembamba vya njano au vya kahawia vinatembea haraka hao ni thripsi, wananyonya tumba likiwa bado limefungwa ndo mana linakauka ncha na kupinda. Toa matumba yote yaliyoharibika uyatupe mbali, pulizia jioni mafuta ya mwarobaini, mililita 5 kwa lita ya maji na matone ya sabuni, rudia kila siku 5 mpaka 7. Usipulizie mafuta saa za jua kali, majani yataungua yote.

Wadudu wengine

Majani yamefifia, yana vinukta vidogo vingi vya njano, yanaonekana kama yana vumbi, na chini ya jani kuna utando mwembamba: utitiri mwekundu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe utawaona wanatembea. Wanapenda ukame na joto, kwa hiyo mmea uliowekwa barazani pasipofika mvua ndo wanaoushambulia. Kitu cha kujua ni kwamba dawa nyingi za kawaida za wadudu haziui utitiri, tena zinaua wale wadudu wazuri wanaowala, na mwezi mmoja baadae unakuwa nao mara mbili. Anza na maji ya presha chini ya majani kila baada ya siku mbili, ikishindikana nunua dawa iliyoandikwa ni ya utitiri, yenye abamektini kwa mfano, na fuata kipimo cha kwenye lebo.

Vitu vyeupe vya pamba kwenye maungio ya matawi ni vidung'ata, waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, na ukiona unga mweupe kwenye mizizi wakati wa kuhamisha wapo huko pia, osha mizizi, kausha siku kadhaa, panda kwenye udongo mpya. Wadudu wa njano iliyoiva wenye miguu myeusi wamejazana kwenye ncha changa na matumba ni vidukari, maji na sabuni vinatosha. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka usiwapuuze, wanafuata utamu unaotolewa na vidukari na vidung'ata na wanawalinda, kwa hiyo kagua vizuri sehemu wanapoishia.

Majani yameliwa usiku mmoja yakabaki mashina tu, tafuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu karibu na kichwa, huyo anakula mimea ya ukoo huu na sumu haimsumbui. Mtoe kwa mkono, mmea utachipua tena.

Shina refu jembamba, tumbo halivimbi, au maua yamebadilika rangi

Ukipanda tawi lililokatwa utapata maua mapema lakini tumbo la mviringo kama la porini usilitegemee, hilo linatoka kwenye mbegu. Mche wa mbegu ambao umerefuka wembamba unakosa jua. Na kama ulinunua waridi la maua mekundu iliyokolea au yenye petali nyingi afu likaanza kutoa maua ya waridi ya kawaida yenye katikati nyeupe, hilo lilipandikizwa, yaani tawi la aina hiyo liliungwa juu ya shina la waridi la kawaida, na tawi la chini ya kiungio, pale yalipounganishwa, limekua limelishinda la juu. Kata kila kinachochipua chini ya kiungio mapema kabla hakijanenepa.

Ulichimbwa porini ukaja kuoza nyumbani

Hili naliona sana na linaniuma. Mtu anapita nyika anaona mmea mkubwa wenye tumbo zuri, anauchimba, mizizi inakatika ovyo, anaupanda siku hiyo hiyo anaumwagilia maji mengi ili ushike, na vidonda vyote vinaoza kwa pamoja. Mmea wa ukubwa ule umechukua miaka mingi sana kufika pale. Naomba muache kuchimba, na kama umeshaletewa uliochimbwa, fanya kama nilivoeleza kwenye upasuaji: safisha mikato, kausha wiki mbili, panda pakavu, subiri. Ukitaka mmea wako anza na mbegu, zinapatikana kwenye vitalu na kwa wenye mimea iliyozaa, ganda linatoka mawili mawili yamekaa kama pembe, na kila mbegu ina nywele ncha zote mbili. Lifunge ganda kwa uzi kabla halijapasuka upepo usizibebe.

Miche inaota vizuri afu inalala chini

Mbegu mpya kwenye joto zinaota ndani ya wiki moja hivi, na wiki mbili tatu za kwanza ndo hatari. Mche ukinyongeka pale chini kwenye usawa wa udongo, shina likawa jembamba la majimaji na ukaanguka, huo ni kinyausi, ukungu wa kwenye udongo, na ulioanguka hauinuki. Toa iliyolala pamoja na udongo wake, fungua kifuniko au nailoni kama ulifunika, acha hewa ipite, mwagilia iliyobaki na maji yenye dawa ya ukungu ya kopa kwa kipimo cha lebo. Safari ijayo choma au mwagia maji ya moto mchanganyiko wako kabla ya kupanda, panda mbegu zikiwa zimelala na kufunikwa kidogo tu, usizibananishe, mwagilia asubuhi ili jioni uso wa udongo uwe umekauka, na majani mawili ya kweli, sio yale ya kwanza ya mbegu, yakishatoka anza kuisogeza kwenye jua la asubuhi.